Midway, Atlantiki au Kilindini: uchague kisa kipi cha wavunja misimbo wa majini?

Watu wakiniuliza waanzie wapi kusoma habari za wavunja misimbo na vita vya baharini, huwa nawajibu kwa swali: una muda gani? Siulizi kwa dharau. Kuna kisa kinachokwisha ndani ya saa moja na msikilizaji akaondoka ameridhika, na kuna kisa kitakachokula jioni zako wiki tatu nzima na bado ubaki na maswali. Vyote viwili ni vya Vita Kuu ya Pili, na vyote viwili vinahusu watu waliokaa ofisini wakasoma barua za adui. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Naandika kwa ajili ya mwalimu anayetafuta mada ya klabu ya historia au hisabati, kwa anayetayarisha kipindi cha redio, na kwa msomaji aliyesikia neno Enigma akatamani kujua zaidi. Visa hivi nimevisimulia mbele ya wanafunzi wa sekondari, vingine mara kadhaa, kwa hiyo najua wanapokodoa macho na wanapoanza kuchungulia dirishani. Washindani wakubwa ni Midway ya 1942 na Vita vya Atlantiki. Nyuma yao wako wawili wadogo, Jutland na Matapan. Halafu kuna Kilindini, ambayo hata watu wa Mombasa wenyewe wengi hawajui kwamba imo.

Midway: kisa kinachojisimulia

Kufikia Mei 1942 Japani ilikuwa imeshinda karibu kila pahali tangu iliposhambulia Pearl Harbor, kituo cha manowari cha Marekani huko Hawaii, Desemba 1941. Admirali Yamamoto akapanga kuteka Midway, visiwa vidogo vya Marekani katikati ya Pasifiki, ili awatoe Wamarekani mafichoni na kuzimaliza manowari zao za kubeba ndege.

Huko Pearl Harbor, ndani ya chumba cha chini ya ardhi kilichoitwa kituo cha HYPO, Joseph Rochefort na watu wake walikuwa wakiuchokonoa msimbo mkuu wa jeshi la majini la Japani, ambao Wamarekani waliuita JN-25. Chumba kilikuwa na baridi hata Rochefort akawa anavaa koti la nyumbani juu ya sare, na sapatu miguuni. Baadhi ya wasaidizi wake kwenye mashine za kadi walikuwa wapiga muziki wa bendi ya manowari California, iliyozamishwa Desemba 1941. Meli imekwenda, tarumbeta hazina kazi, wakapewa kadi za kutoboa.

Msimbo wenyewe unaelezeka ubaoni, na hiyo ni sifa kubwa ya kisa hiki. Mwandishi wa Kijapani alilitafuta neno lake kwenye kitabu, akapata namba ya tarakimu 5. Kisha alifungua kitabu cha pili, kilichojaa namba zisizo na mpangilio, akachukua moja na kujumlisha bila kubeba. Tuseme neno ni 12345 na namba ya kujumlishia ni 48217 (hizi ni zangu, si za kitabu chao). 1 na 4 ni 5. 2 na 8 ni 10, unaandika 0 na hubebi kitu. Ukifika mwisho una 50552. Hiyo ndiyo iliyorushwa hewani. Ila namba zote za kitabu cha kwanza zilikuwa zinagawanyika kwa 3, ili mpokeaji agundue mara moja kama tarakimu imeharibika njiani. Tahadhari hiyo ikawa zawadi kwa adui. Mvunja msimbo alikisia namba ya kujumlishia, akaitoa, akagawa kwa 3. Ikibaki baki, ajue amekosea. Wanafunzi wa hisabati hukipenda kipande hiki kuliko ndege zote za vita.

HYPO haikusoma kila kitu. Ilisoma sehemu ndogo ya kila ujumbe, ikaziba mapengo kwa kumbukumbu na akili. Iliona Wajapani wakizungumzia kulishambulia eneo lililoitwa AF. Rochefort alishikilia kwamba AF ni Midway. Washington kulikuwa na waliobisha. Ndipo ofisa mmoja wa hapo, Jasper Holmes, akatoa wazo: Midway iambiwe kwa waya wa chini ya bahari, ambao adui hawezi kuusikiliza, itangaze redioni kwa lugha ya wazi kwamba mtambo wake wa kusafisha maji ya chumvi umeharibika. Ikatangaza. Baada ya muda mfupi HYPO ikasoma ujumbe wa Kijapani: AF ina uhaba wa maji.

Hapa darasa zima hucheka, na wewe umeshalikamata.

Admirali Chester Nimitz, kamanda wa manowari za Marekani za Pasifiki, aliamini. Alimwuliza ofisa wake wa ujasusi, Edwin Layton, ataje Wajapani wataonekana wapi na saa ngapi, naye akataja. Siku ilipofika, inasimuliwa, Nimitz alimwambia kwamba amekosea kwa maili 5, digrii 5 na dakika 5 tu. Manowari Yorktown, iliyotoka Bahari ya Matumbawe ikiwa imejeruhiwa, ilitengenezwa kwa siku kama tatu na kurudishwa majini. Manowari tatu za kubeba ndege zikaenda kungoja kaskazini mashariki ya Midway, mahali walipopaita Bahati.

Na bahati ilihitajika kweli. Asubuhi ya Juni 4, 1942, kikosi cha ndege 15 za torpedo kutoka Hornet, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, kilishambulia bila ulinzi, zote zikaangushwa, na kati ya watu 30 akapona mmoja. Rubani Wade McClusky aliwatafuta Wajapani mpaka mafuta yakaanza kumtisha, kisha akaiona chini manowari moja ya Kijapani, Arashi, ikikimbilia kundi lake, akaifuata. Mnamo saa nne na nusu asubuhi, ndani ya dakika chache, meli za Kijapani za kubeba ndege Akagi, Kaga na Soryu zilikuwa zinawaka. Hiryu ilifuata jioni. Marekani ilipoteza Yorktown pamoja na manowari ndogo Hammann. Japani ilipoteza meli nne za kubeba ndege na watu wapatao 3,000.

Kwa hiyo uzuri wa Midway ni kwamba mstari unaonekana: hesabu, hila, uamuzi, moto. Udhaifu wake ni huohuo. Ni kisa kitamu mno. Msikilizaji huondoka akiamini kwamba ukijua anakokwenda adui, umemshinda. Ndege 15 za Hornet zilijua pia. Ukichagua Midway, usimwache McClusky nje, na usimwache Rochefort mwishoni: aliondolewa HYPO mwaka huohuo wa 1942, akanyimwa nishani aliyopendekezewa, akafa 1976, na nishani ikatolewa 1986. Kuwa sahihi mbele ya wakubwa waliokosea kuna gharama yake, na hilo kila mfanyakazi wa ofisi analielewa bila kufafanuliwa.

Wawili wadogo, kwa kifupi

Jutland, pigano la Waingereza na Wajerumani katika Bahari ya Kaskazini, Mei 31, 1916, ni dawa ya utamu wa Midway. Uingereza ilikuwa na kitabu cha misimbo cha Wajerumani tangu 1914, baada ya meli Magdeburg kukwama katika Bahari ya Baltiki na Warusi kukipata. Wafumbuzi walikaa London, katika Chumba nambari 40. Siku ya pigano, ofisa wa operesheni aliwauliza alama ya redio DK iko wapi. Wakamjibu: Wilhelmshaven. Jibu lilikuwa sahihi kwa swali, lakini swali lilikuwa bovu, maana wafumbuzi walijua kwamba kamanda wa Kijerumani akitweka huiacha alama hiyo bandarini na kuchukua nyingine. Hakuwauliza, nao hawakuombwa maoni. Admirali Jellicoe wa Uingereza akaambiwa Wajerumani wangali bandarini, na saa chache baadaye akakutana nao ana kwa ana. Usiku alipoletewa habari za kweli, hakuziamini; nyingine muhimu hazikumfikia kabisa. Wajerumani wakarudi kwao. Kama wasikilizaji wako ni mameneja, wape hiki na uache vingine vyote.

Matapan, Machi 1941, ni Midway ndogo ya Mediterania. Mavis Lever, msichana wa miaka 19 huko Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja misimbo, alishiriki kufumbua ujumbe wa Waitalia uliosema kwamba siku tatu zimebaki. Admirali Cunningham wa Uingereza, aliyekuwa Alexandria, alijua balozi mdogo wa Japani huwachungulia Waingereza, basi akaenda kucheza gofu na sanduku la nguo, kama mtu atakayelala nje. Usiku akarudi kimyakimya na kung'oa nanga. Manowari kubwa tatu za Italia, Zara, Fiume na Pola, zikazama pamoja na ndogo mbili, na mabaharia zaidi ya 2,000 wakafa. Ni kisa kizuri cha dakika kumi. Zaidi ya hapo kinaanza kujirudia.

Atlantiki: kisa kisichotaka kusimuliwa

Sasa tuje kwenye mlima. Kwa Midway, ujumbe uliofumbuliwa uliwapa Wamarekani mahali pa kwenda. Katika Atlantiki ulikuwa hasa wa kuwaambia watu wasiende. Ushindi ulikuwa msafara wa meli 40 za nafaka, mafuta na vifaru uliogeuzwa njia katikati ya bahari, ukafika Liverpool bila kuona nyambizi hata moja. Utasimuliaje jambo ambalo halikutokea? Ndiyo maana watayarishaji wa vipindi hulikimbia, na ndiyo maana mimi nalipenda.

Nyambizi za Kijerumani ziliongozwa kwa redio. Admirali Dönitz alizipanga mstari baharini kama wavuvi wanaozungusha juya, na ya kwanza kuona msafara iliita nyingine. Mazungumzo yote hayo yalipitia Enigma, mashine ya magurudumu yenye nyaya iliyobadili herufi kila kitufe kilipobonyezwa. Wahisabati wa Poland, Marian Rejewski na wenzake, walikuwa wameivunja tangu 1932, na Julai 1939, wiki chache kabla ya nchi yao kuvamiwa, wakawapa Waingereza na Wafaransa kila walichojua. Bila Wapoland hakuna Bletchley kama tunavyoijua. Ukisimulia bila kuwataja, umewadhulumu.

Enigma ya majini ilikuwa ngumu kuliko ya jeshi la nchi kavu: magurudumu matatu yaliyochaguliwa kati ya manane, na utaratibu tofauti wa kumjulisha mpokeaji mahali pa kuanzia. Alan Turing, mwanahisabati wa Bletchley, alijipa kazi hiyo, lakini akili peke yake haikutosha. Ilibidi vitabu viibwe. Mei 1941 Waingereza walizivamia meli ya hali ya hewa München na, siku mbili baadaye, nyambizi U-110, wakatoka na hati. Kuanzia Juni Bletchley ikawa inasoma karibu papo hapo. Mwezi huo nyambizi zilizamisha zaidi ya tani 300,000 za meli. Julai hazikufika 100,000. Sitasema tofauti yote ni ya Enigma, maana ulinzi wa misafara nao ulikuwa umeongezwa, lakini ni tofauti kubwa.

Kisha, Februari 1, 1942, nyambizi za Atlantiki zikapewa mashine yenye gurudumu la nne. Kazi ikaongezeka mara 26 na giza likaingia kwa zaidi ya miezi kumi. Novemba mwaka huo nyambizi zilizamisha zaidi ya tani 700,000.

Kilichofungua tena mlango kilitokea mbali na Atlantiki. Usiku wa Oktoba 30, 1942, kaskazini mwa Port Said, manowari Petard iliilazimisha nyambizi U-559 iibuke. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea hadi kwenye nyambizi iliyokuwa ikizama, wakaingia ndani, wakawa wanampasia vitabu kijana wa kantini, Tommy Brown, aliyekuwa na miaka 16. Brown alitoka hai. Wale wawili walizama nayo. Ndani ya vitabu hivyo mlikuwa na msimbo mfupi wa hali ya hewa, na kwa msaada wake Bletchley ikagundua kwamba nyambizi zikituma taarifa za hali ya hewa, gurudumu la nne huwekwa mahali lisipobadili chochote. Desemba wakarudi kusoma. Taarifa za upepo na mawingu ndizo zilizouza siri ya Dönitz.

Na hapa ndipo Atlantiki inapoiacha Midway nyuma kabisa. Wakati wote huo Wajerumani nao walikuwa wakisoma. Idara yao ya B-Dienst ilikuwa imeuvunja msimbo ambao Waingereza, Wamarekani na Wakanada waliutumia kuongoza misafara, na iliendelea kuusoma mpaka ulipobadilishwa Juni 1943. London inahamisha msafara kukwepa nyambizi. Berlin inasoma amri ya kuhama na kuzihamisha nyambizi. London inasoma amri hiyo nayo. Dönitz alishuku mara kadhaa, akaagiza uchunguzi, akajibiwa kwamba Enigma haivunjiki. Waingereza nao walichukua muda mrefu kukubali kwamba wao ndio wanaovuja. Nyani haoni kundule; sijaona mahali methali hii inapokaa sawasawa kuliko hapa.

Machi 1943 Wajerumani walibadili msimbo wa hali ya hewa, Bletchley ikapofuka kwa siku chache, na katika siku hizohizo misafara ya HX 229 na SC 122 ikaangukiwa: meli 22 zilizama, na Wajerumani wakapoteza nyambizi moja tu. Miezi miwili baadaye, Mei, Wajerumani walipoteza nyambizi zaidi ya 40, na Mei 24 Dönitz akaziondoa katika njia kuu ya misafara. Nini kilibadilika? Usimkubalie anayekujibu kwa neno moja. Kulikuwa na rada mpya ambayo nyambizi hazikuweza kuihisi, ndege za masafa marefu zilizofika katikati ya bahari, meli ndogo za kubeba ndege zilizosindikiza misafara, na mitambo ya kutambua redio ya nyambizi inatoka upande gani. Misimbo ilikuwa nyuzi moja katika kamba. Mwanafunzi atakuudhi kwa kukuuliza ni nyuzi nene kiasi gani, na huo utakuwa mjadala mzuri kuliko chochote cha Midway.

Bei ya kuchagua Atlantiki ni maandalizi. Utahitaji ramani kubwa, utahitaji kueleza Enigma bila kupotea (mimi huacha nyaya za mbele na kubaki na magurudumu), na utahitaji vipindi visivyopungua vitatu. Ukijaribu kuibana ndani ya saa moja, utabaki na Turing peke yake akiokoa dunia, na hilo si kweli wala si haki.

Kilindini, kwa walio karibu nayo

Waingereza walikuwa na ofisi ya kusikiliza redio za Mashariki ya Mbali, iliyoanzia Hong Kong, ikahamia Singapore, kisha Colombo. Aprili 1942 ndege za Japani zikaishambulia Colombo na Trincomalee na kuzamisha manowari kadhaa. Kundi la manowari la Uingereza likarudi nyuma hadi Kilindini, na wavunja misimbo wakaja nalo. Waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, Mombasa, jengo linalotazama bahari.

Kama kituo cha kusikiliza, Mombasa ilikuwa mbaya. Redio za Wajapani zilifika zikiwa hafifu, na kazi ya JN-25 iliumia kwa sababu hiyo. Lakini Septemba 1942 ofisi hiyo ilivunja JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani, na ulivunjika kwa uzembe. Mjapani mmoja alituma ujumbe akasahau kuandika mahali meli ilipo, akautuma tena uleule, kwa ufunguo uleule, safari hii akiwa ameongeza alichosahau. Ukiziweka karatasi mbili sambamba, herufi zinakuonyesha zilivyosogea. Tangu hapo safari za meli za mafuta na mizigo za Japani zilisomeka, na nyambizi za Washirika zikajua pa kuzingojea.

Kiwango cha kisa hiki, kwa haki, ni kidogo kuliko Atlantiki na hakina pigano moja kubwa la kuonyesha. Pia hakina mwisho mwema kwa Pwani. Ofisi ilirudi Colombo Agosti 1943, na Februari 12, 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini na msafara kuelekea Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kwao hao, hakukuwa na ujumbe uliofumbuliwa kwa wakati.

Chaguo langu, basi: mwenye saa moja na wasikilizaji wasiojua lolote achukue Midway, aongeze dakika kumi za Jutland ili utamu usizidi. Mwenye muhula mzima achukue Atlantiki, wala asiombe radhi. Aliye Mombasa au jirani aanze na Kilindini hata kama ana nusu saa, kwa sababu wanafunzi wakisikia ni shule wanayoipita kwa matatu, hutulia wenyewe.

Na kisa cha Kilindini kina zoezi rahisi kuliko vyote. Andika sentensi ya herufi kama 40 katika safu za jedwali, isome kwa kushuka badala ya kwenda mbele, ukibadili mpangilio wa safu. Kisha iandike tena kwa mpangilio uleule, ukiongeza neno moja katikati. Wape karatasi zote mbili bila maelezo. Kundi la mwisho lililopewa zoezi hili lilimaliza kwa dakika 40 hivi, huku nusu ya muda ikiishia kwenye ubishi. Waambie waje na penseli, si kalamu ya wino.